Mgawaji wa maua: ubaguzi kazini unavyopimwa

Huku kwetu Bibokoboko, jina la mtu linamtangulia. Mkubwa wa kazi akifungua barua ya kuomba kazi, anajua kabila kabla hajaona diploma. Na tangu wengi wetu walipoteremka Baraka, nyumba zikiwa zimechomwa mwaka 2021, kila upande unasema: wale wanapeana kazi wao kwa wao.

Je, jambo hilo linaweza kupimwa? Marianne Bertrand, mwanauchumi Mbelgiji anayefundisha Chicago, alijaribu pamoja na Sendhil Mullainathan. Walijibu matangazo ya kazi huko Boston na Chicago kwa barua karibu 5,000 zenye ujuzi unaolingana, wakibadilisha majina tu. Majina ya kizungu yaliitwa asilimia 50 zaidi kuliko majina ya Wamarekani weusi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004.

Lakini utafiti unaotugusa zaidi ni wa Kenya. Mwanauchumi Jonas Hjort alichunguza hesabu za kiwanda kimoja cha maua, za miaka 2007 na 2008. Watu walifanya kazi watatu watatu: mmoja anagawa maua, wawili wanafunga mashada. Kila mfungaji alilipwa kwa mashada yake, na mgawaji kwa jumla ya wote wawili. Basi faida yake ilikuwa kugawa vizuri. Hata hivyo, Mkikuyu alimpunguzia Mjaluo maua, na Mjaluo akamfanyia Mkikuyu vilevile. Mtu alikubali kupoteza mshahara wake mwenyewe ili mwenzake asipate! Sisi tuliosikia mengi Fizi tulinyamaza kidogo tuliposoma hapo.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 damu ilimwagika Kenya, na kiwandani ubaguzi ukazidi. Wakubwa wakabadilisha malipo: wafungaji wawili walipwe kwa kazi yao ya pamoja. Mgawaji hakuweza tena kumwinua mmoja na kumshusha mwingine. Palipokuwa na wafungaji wa makabila mawili, kazi ilipanda. Katika vikundi vingine ilipungua kidogo. Hatudai kwamba mioyo iligeuka.

Matendo ya Mitume sura ya 6 inaeleza jambo la namna hiyo: wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuishia kuhubiri upendo. Walibadilisha mpango wa kugawa, wakaweka watu saba.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 36, inakataza mtu kuonewa kazini kwa sababu ya asili yake. Lakini kanisa nalo linaajiri: walimu, walinzi, wabeba mawe ya ujenzi. Tunaomba kila baraza la wazee liangalie daftari la malipo ya mwaka uliopita: nani aliitwa, nani aliyegawa kazi, na wabeba mawe walilipwa mmoja mmoja au kwa kikundi.