Ateri Ilishayo Tezi ya Shingo

Mwanafunzi akiweka vidole viwili kando ya kongomeo lake, akabonyeza polepole upande mmoja tu, atahisi mapigo ya damu. Hayo ni mapigo ya ateri karotidi, mshipa mkubwa upelekao damu kichwani. Karibu na ukingo wa juu wa gegedu kubwa la kongomeo, ateri hiyo hugawanyika mara mbili. Tawi la ndani huelekea kwenye ubongo. La nje hugawa damu usoni na shingoni. Kwa watu wengi, chipukizi la kwanza la tawi hilo la nje ni ateri thairoidi ya juu.

Ijapokuwa karotidi hupanda, ateri hii hujipinda na kuteremka hadi ncha ya juu ya tezi ya thairoidi. Njiani hulisha misuli ya shingo na sehemu ya kongomeo. Tezi yenyewe hukumbatia bomba la hewa kwa mbele, mfano wa kipepeo. Kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi, lakini hupata damu nyingi mno kuliko udogo wake, kwa kuwa kazi yake ni kuchuja madini joto kutoka katika damu na kurudisha homoni humo humo. Kutoka chini huja ateri nyingine, thairoidi ya chini, itokayo kwenye mshipa uelekeao mkononi.

Je, kwa nini mpasuaji huiogopa njia hii fupi? Sababu ni kwamba ateri ya juu hufuatana na neva nyembamba iendayo kwenye msuli unaokaza nyuzi za sauti. Ikikatwa, mtu ataendelea kusema, lakini sauti ya juu humpotea, na akisema kwa muda mrefu huchoka. Kwa mwadhini, mwimbaji au mwalimu, hasara hiyo si ndogo. Karibu na ateri ya chini hupita neva nyingine: ikiumia upande mmoja sauti hukwaruza, zikiumia zote mbili, hata pumzi yaweza kuzibwa.

Zamani wagonjwa wengi wa rovu walikufa kwa kutokwa damu wakati wa upasuaji. Theodor Kocher, profesa wa Bern, Uswisi, tangu mwaka 1872, alipasua kwa utulivu, akifunga kila mshipa kabla ya kuukata. Vifo miongoni mwa wagonjwa wake vilipungua hata vikawa chini ya mtu 1 katika kila 100, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909.

Hata hivyo, kuzuia damu peke yake hakutoshi. Uzi ukifungwa juu sana, neva yaweza kunaswa pamoja na ateri. Kwa hiyo mpasuaji hufunga vijitawi kimoja kimoja karibu na tezi, mahali ambapo kwa kawaida neva imekwisha kuachana na ateri. Lakini kwa baadhi ya watu neva hushuka hadi kwenye tezi yenyewe; kwa wengine ateri huanzia chini ya njia panda ya karotidi. Yampasa basi atazame kwanza, ndipo afunge.

Mwalimu achorapo ateri hii ubaoni, na aichore pamoja na neva yake. Milimita chache zilizo kati yao ndizo ziamuazo kama mgonjwa atarudi nyumbani na sauti yake.