Goti likigoma, mkataba ndio beki wa mwisho

SIKONGE: Pale Ipole, mpira unapigwa jioni, watu wakishatoka kwenye tumbaku na mizinga ya nyuki. Kijana mwenye mguu anaota kutoboa hadi Tabora mjini, acheze Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi mbele ya mashabiki.

Ishu ni kwamba dili likija, anauliza dau la usajili tu. Mkataba anaukumbuka siku goti limeachia.

Enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo. Aliyevunjika mguu njiani hakuwa na wa kumdai. Leo yupo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia (WCF) ukaanza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30, analipwa pensheni kila mwezi. Chini ya hapo anapewa mkupuo.

Lakini sheria inamtambua mwajiriwa. Anayecheza kwa nauli na soda atapata kazi kubwa kuthibitisha kwamba aliajiriwa. Na madai yana saa yake: miezi 12 tangu kuumia.

Wakikukatalia, mechi haijaisha. Kwanza unamwomba Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko apitie upya uamuzi. Usiporidhika, unakata rufaa kwa Waziri, kisha Mahakama ya Kazi. Huko kelele za jukwaani hazisaidii, zinahesabika karatasi.

Waulize Waskoti. Billy McPhail aliifungia Celtic mabao matatu ilipoichapa Rangers 7-1 fainali ya Kombe la Ligi mwaka 1957. Uzeeni akapoteza kumbukumbu, akadai mafao kwa hoja kwamba ni vichwa alivyopiga kwa mipira mizito ya ngozi. Alipambana kisheria, akashindwa. Alifariki mwaka 2003.

Mwaka mmoja kabla, Uingereza ilipata jibu tofauti. Jeff Astle, mshambuliaji wa West Brom, alifariki Januari 2002 akiwa na miaka 59. Afisa aliyechunguza kifo chake akatamka kwamba ni ugonjwa uliotokana na kazi, yaani kupiga vichwa. Ushahidi wa kitabibu ulisema, ila mwenyewe alikuwa kaburini.

Kwa mchezaji wa huku, somo liko wazi. Ukiumia kwenye mechi, kuna ripoti ya mwamuzi na kamisaa. Ukiumia mazoezini asubuhi, hakuna anayeandika, na hapo ndipo wengi wanaweza kupigwa bao. Siku hiyo hiyo klabu iandike taarifa, daktari aandike yake, na nakala ibaki kwako. Kabla ya kusaini, uliza pia kama klabu inachangia Mfuko.

Dau la usajili litaisha msimu huu. Goti utatembea nalo hadi uzeeni.