Umeme wa Kompyuta Wakati wa Kupima Gari

Gari la doria linapokataa kwenda, fundi wa leo huchomeka kompyuta ya mpakato katika tundu la uchunguzi lililo chini ya usukani, ili asome kasoro za injini. Je, kompyuta hiyo ipate umeme wapi?

Jibu lililo salama ni betri yake yenyewe, iliyojazwa kabla ya kazi. Kompyuta iliyounganishwa na umeme wa ukutani au wa inveta huweza kuwa na volti zisizolingana na za bodi ya gari. Tofauti hiyo hupita katika waya wa uchunguzi na kuunguza kompyuta, au kifaa kinachoongoza injini. Tundu lenyewe lina umeme wa betri ya gari, lakini nyaya zake hazikukusudiwa kulisha kompyuta.

Ikiwa hapana budi, itumike chaja ya gari inayolingana na volti zake: magari madogo ni 12, malori mengi ni 24. Nayo ichomolewe kabla ya kupiga stata, maana umeme huyumba.

Gari lililoharibiwa na fundi wake halifiki penye hatari, sawasawa na lililoharibiwa na adui.