Saa Moja, Mwaka Mmoja na Upepo wa Dodoma

Upepo wa Dodoma haubishi hodi. Programu ya baiskeli kwenye simu yangu inaujua kuliko mimi: kilomita 9 za asubuhi kwenda kazini nazimaliza kwa dakika 27. Jioni narudi kwa njia ile ile na miguu ile ile, ila natumia dakika 36 na vumbi limejaa menoni. Jambo lenyewe lina hesabu yake, na hesabu hiyo haina huruma. Ukitaka kuukata upepo kwa mwendo maradufu, unatakiwa utoe nguvu mara nane.

Ndiyo maana napenda kusoma rekodi za baiskeli kama wenzangu wanavyosoma msimamo wa ligi. Karibu zote ni kesi moja, mtu na hewa.

Iliyo safi kuliko zote ni rekodi ya saa moja. Mtu mmoja anazunguka uwanja wa mviringo kwa dakika 60, kisha anapimwa amekwenda umbali gani. Henri Desgrange, aliyekuja kuanzisha Tour de France miaka kumi baadaye, alifikisha kilomita 35.325 jijini Paris mwaka 1893. Mwaka 1972 Eddy Merckx aliifuata hewa nyepesi ya Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, akafika 49.431. Sasa rekodi iko kwa Mwitaliano Filippo Ganna, aliyekwenda kilomita 56.792 huko Grenchen, Uswisi, Oktoba 2022, kwa fremu ya aloi ya alumini iliyochapwa na mashine tabaka juu ya tabaka. Aliipokonya kutoka kwa Dan Bigham, mhandisi wa timu yake mwenyewe. Kwa wanawake, wa kwanza kuvuka kilomita 50 ni Vittoria Bussi, mwaka 2023. Ana shahada ya uzamivu ya hisabati kutoka Oxford, kwa hiyo ile hesabu ya mara nane hakuhitaji kufundishwa na mtu.

Lakini ninayempenda mimi ni Graeme Obree. Mskoti huyu hakuwa na kiwanda nyuma yake. Aliunda baiskeli yake mwenyewe, na ndani yake akatia beringi za mashine ya kufulia nguo, maana aliona zinavumilia kuzunguka kwa kasi. Mikono aliikunja chini ya kifua, kiwiliwili kikalala karibu juu ya usukani, hewa ikakosa pa kumshika. Julai 16, 1993, huko Hamar, Norwe, alijaribu na kushindwa kwa pungufu ya kilomita moja. Mtu mwingine angekwenda nyumbani. Obree aliomba uwanja tena asubuhi inayofuata. Usiku huo alikunywa maji kwa wingi ili haja ndogo imwamshe kila mara, ainuke na kunyoosha misuli isigande. Kulipokucha alikwenda kilomita 51.596, akaifuta rekodi ya Francesco Moser iliyodumu tangu 1984. Alikaa nayo siku sita tu, Chris Boardman akaichukua. Mwaka uliofuata wakuu wa mchezo wakaupiga marufuku ule mkao wake.

Wapo wanaoshinda kesi kwa kumwondoa mshitaki mahakamani, yaani wanajificha nyuma ya chombo kinachowapasulia upepo. Mwaka 1899 Charles Murphy aliendesha baiskeli maili moja nyuma ya treni huko Long Island, juu ya mbao zilizotandazwa kati ya reli, kwa sekunde 57.8. Septemba 2018, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, Denise Mueller-Korenek akiwa na miaka 45 alifikia kilomita 296 kwa saa nyuma ya gari la mashindano. Gia yake ilikuwa kubwa mno, ikabidi gari limvute kwanza ndipo aweze kukanyaga pedeli. Inashangaza, nakubali. Ila mimi nikiona daladala imenipita huwa nataka moshi wake ukae mbali nami.

Rekodi ya mwaka ni ya watu wa subira. Mwaka 1939 Mwingereza Tommy Godwin aliendesha maili 75,065, sawa na kilomita 331 kila siku iendayo kwa Mungu, zaidi ya kutoka Dodoma hadi Morogoro. Alitumia Raleigh ya chuma yenye gia nne, jina ambalo babu zetu walilijua vizuri. Vita vilipoanza Septemba na taa kupigwa marufuku usiku, alizifunika zake na kuendelea. Aliyempita kwa mbali ni Amanda Coker wa Florida, aliyefikisha maili 86,573 mwaka 2017, sehemu kubwa akizunguka njia ile ile ndani ya hifadhi moja. Hapo sijui nimwonee wivu au huruma.

Subira ya namna nyingine ni ya umri: katika ile saa moja ya uwanjani, Mfaransa Robert Marchand alikwenda kilomita 24.25 akiwa na miaka 100. Akiwa na miaka 102 alikwenda 26.927.

Na hapa jirani, Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza Afrika. Wanaume walipewa kilomita 267.5 na milima ya zaidi ya mita 5,000 ukijumlisha, pamoja na mpando wa mawe wa Kwa Mutwe. Tadej Pogačar alishinda. Waliomaliza walikuwa 30 tu.

Habari ya Obree nilimsimulia fundi wangu, yule wa chini ya mwarobaini, akiwa anaziba pancha. Hakushangaa hata kidogo. Aliuliza beringi zenyewe ni namba ngapi. Kisha akaitazama baiskeli yangu, usukani ukiwa juu kama pembe za ng'ombe wa Kigogo.

"Upepo unaulalamikia bure, kaka. Unaupa kifua chote."

Akachukua spana, akaushusha usukani vidole vitatu. Jioni ile nilifika kwa dakika 33. Mgongo unauma mpaka leo.