Chujio la Oili kwa Injini ya Volkswagen Ipozwayo na Hewa

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye motokaa ya Volkswagen ya namna ya kale, ile yenye umbo la mgongo wa kobe na injini nyuma, ambaye huiendesha katika njia za vumbi na huitaka idumu. Motokaa hizo, zile zenye paa la bati, zilikoma kuundwa Ujerumani mwaka 1978, na Mexico mwaka 2003, baada ya kuundwa zaidi ya milioni 21. Sifa yake katika Afrika ya Mashariki ni ya zamani, maana ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, tena 1957, tena 1962. Nyingi zingali zikitembea. Walakini injini yake ilibuniwa katika miaka ya 1930, wakati ambapo motokaa nyingi za bei nafuu hazikuwa na chujio la oili, na upungufu huo haukuondolewa mpaka miaka ya 1990, kiwanda cha Mexico kilipotia chujio katika injini zake za mwisho. Mwenye injini ya kabla ya hapo, akitaka chujio, hana budi kulitia mwenyewe. Kazi hiyo ina faida kubwa. Nayo ikifanywa vibaya huua injini kwa dakika chache.

Jinsi oili izungukavyo

Injini hii haina maji. Hupozwa kwa upepo wa feni na kwa oili yake yenyewe, na oili hiyo ni lita 2.5 tu. Hiyo ndiyo ilainishayo, ndiyo iondoayo joto la beringi na pistoni, na ndiyo ichukuayo uchafu wote. Chini kabisa pana chekecheke ya waya. Pampu yenye magurudumu mawili ya meno, izungushwayo na kamshafti, huvuta oili kupitia chekecheke hiyo na kuisukuma mpaka kwenye valvu ya kupunguza nguvu. Kutoka hapo huenda kwenye kipoza-oili, kilichosimama katika njia ya upepo wa feni, halafu kwenye beringi. Oili ikiwa baridi na nzito, valvu hufunguka, na oili hupita moja kwa moja kwenye beringi bila kuingia katika kipoza-oili. Ikipata moto na kuwa nyepesi valvu hufunga, nayo hulazimika kupita humo.

Chekecheke huzuia kipande cha gasketi, uzi wa kitambaa, au nati ndogo iliyoanguka. Haizuii mchanga mwembamba wala unga wa chuma. Vitu hivyo huzunguka pamoja na oili, husaga beringi, na kila zisagwapo hutoka unga mwingine wa kuongeza kazi ile ile. Kwa sababu hiyo kiwanda kiliagiza oili ibadilishwe kila maili 3,000, yaani kama kilomita 5,000, na chekecheke isafishwe. Kubadilisha oili ndilo lililokuwa chujio la injini hii.

Yaliyo ya kwanza

Watu wengi hudhani kwamba injini yao inapata moto kwa sababu kiwanda kilikosea, nao hukimbilia kununua pampu kubwa na kipoza-oili cha pili. Mara nyingi dawa ni kurudisha kilichoondolewa. Mabati yote yanayoizunguka injini yana kazi yake, na mpira uzibao nafasi kati ya mabati na bodi una kazi pia: hutenga hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini. Bati moja likikosekana, au mpira huo ukiwa umeoza, feni huvuta hewa iliyokwisha kuchemka. Basi kagua hayo kwanza. Kagua mkanda wa feni, uwe na ulegevu wa kama milimita 15 ukiusukuma kwa kidole. Rekebisha valvu injini ikiwa baridi kabisa, na wakati wa cheche kama kitabu cha motokaa kisemavyo. Injini za tangu mfano wa 1971 zina kipoza-oili kilichosogezwa na kupewa njia yake ya hewa. Katika zile za kabla yake kipoza-oili huzuia sehemu ya upepo uendao kwenye silinda ya tatu, na ndiyo maana valvu za silinda hiyo huungua upesi kuliko za wenzake. Kufunga kipoza-oili cha namna mpya pamoja na mabati yake ni badiliko jema, nalo halihitaji kutoboa kitu.

Tena, chujio la oili halizuii vumbi kuingia. Huzuia tu lililokwisha kuingia. Vumbi jekundu la barabara hupitia katika kabureta. Kisafisha-hewa cha namna ya zamani kina oili chini yake, na oili hiyo ikijaa matope haishiki vumbi tena. Katika kiangazi ifunue na kuitazama kila juma. Mtu atumiaye fedha nyingi kwa chujio la oili huku kisafisha-hewa chake kikiwa kikavu ni sawa na atiaye kufuli mlangoni na kuacha dirisha wazi.

Namna mbili za kutia chujio

Namna ya kwanza ni kuweka kifuniko cha pampu chenye chujio juu yake. Haihitaji kutoboa injini, na fundi wa kawaida huweza kuimaliza kwa siku moja. Ubaya wake ni kwamba chujio huning'inia nyuma, chini, karibu na bomba la moshi, mahali ambapo mawe hurushwa. Kwa motokaa ya mjini yatosha. Kwa njia za shamba siipendi.

Namna ya pili ni bora, lakini ni kazi ya injini iliyofunguliwa yote. Tundu la zamani litoalo oili katika pampu huzibwa. Oili hutoka kwa kifuniko cha pampu, huenda kwa mpira mpaka kwenye chujio lililofungwa mahali penye usalama, kisha hurudi kwa mpira wa pili katika njia kuu ya oili, kwa tundu lililotobolewa karibu na pampu. Kutoka hapo hufuata valvu na kipoza-oili kama zamani. Oili yote husafishwa kabla ya kufika kwenye beringi.

Injini imeundwa kwa madini ya magnesi, ambayo ni mepesi na laini. Kwa hiyo tundu lisitobolewe injini ikiwa imefungwa, hata kama fundi asema atapaka grisi ili ishike vumbi la chuma. Chembe moja iliyobaki katika njia ya oili hufika kwenye beringi ile ile tuliyokusudia kuilinda. Uzi wa tundu hilo ni wa kuchongoka, unaokaza kadiri uingiavyo. Akikaza mno, fundi hupasua injini. Mambo hayo mawili yameharibu injini nyingi kuliko ukosefu wa chujio.

Mipira na chujio

Fahamu vema jambo hili: baada ya badiliko hili oili yote ya injini hupita nje ya injini. Mpira ukipasuka au ukichomoka, pampu huimwaga lita tatu zote barabarani kabla ya dereva kujua. Taa ya oili haitoshi kukuonya, maana huwaka nguvu ya oili ikiwa imeshuka kati ya 0.45 na 0.15 ya bar, yaani ikiwa imekwisha karibu yote. Afadhali uongeze geji. Injini nzima yenye moto, katika mwendo wa mzunguko 2,500 kwa dakika, huonyesha kama bar 3. Ikiwa chini ya 2, tafuta sababu.

Basi tumia mpira uliotengenezwa kwa oili ya moto yenye nguvu, wenye vichwa vya chuma vilivyobanwa kwa mashine. Mpira wa maji au wa petroli haufai kabisa, hata kwa safari ya kurudi nyumbani. Uachiwe ulegevu kidogo, kwa maana injini hutikisika na bodi haitikisiki pamoja nayo. Usiguse bomba la moshi. Usisuguane na bati.

Chujio lina upande wa kuingia na upande wa kutoka. Oili huingia kwa vitundu vidogo vya pembeni na kutoka kwa tundu kubwa la katikati. Ndani yake mna mpira uzuiao oili isirudi injini inaposimama. Ukifunga mipira kinyume, mpira ule wa ndani huziba njia, na injini huwaka bila oili. Kosa hili ni rahisi kulifanya, kwa kuwa mipira miwili hufanana. Itie alama kabla ya kuifunga.

Jambo jingine. Chujio sasa li kati ya pampu na valvu ya kupunguza nguvu. Kwa hiyo asubuhi ya baridi, kama zile za Limuru au Njombe, oili nzito husukumwa kwa nguvu yote juu ya chujio kabla ya kuifikia valvu. Dereva akikanyaga mafuta mara injini iwakapo, chujio huweza kuvimba au kupasuka. Nunua chujio imara lenye valvu yake ya ndani, usitumie oili nzito kuliko inavyotakiwa, na uiache injini izunguke polepole kwanza. Pampu kubwa mno huzidisha hatari hiyo, na huweza kutoboa mipira midogo iliyo chini ya kipoza-oili. Pampu yoyote mpya lazima ilingane na kamshafti ya injini yako, maana ziko namna zaidi ya moja.

Sampu ya kuongeza, ile inayofungwa chini ili injini ichukue oili zaidi, huonekana ni kitu kizuri. Kwa barabara ya lami ni kizuri. Kwa njia yenye mawe na makorongo ni kuishusha injini karibu na jiwe, na sampu ikipasuka ni sawa na mpira uliopasuka.

Kuwasha mara ya kwanza

Jaza meno ya pampu vaselini kabla ya kufunga kifuniko, ili pampu ishike oili upesi. Jaza chujio oili. Toa plagi za cheche, tenga waya wa moto wa koili, uzungushe injini kwa stata mpaka taa ya oili izimike. Taa isipozimika, simama, utazame mipira imefungwaje. Ikizimika, rudisha plagi na waya, washa, na mtu mmoja alale kando ya motokaa kwa taa atazame kila kiungo. Baada ya dakika chache zima, ngojea, upime kwa kijiti. Chujio na mipira huchukua oili yake, hivyo itahitajika kuongezwa kama nusu lita. Kaza viungo tena baada ya safari ya kwanza.

Baada ya hapo usiongeze muda wa kubadilisha oili. Chujio huondoa mchanga, bali halirudishi nguvu ya oili iliyopikwa na joto. Kila kilomita 5,000 mwaga oili ingali ya moto, badilisha chujio, osha chekecheke, na uzikaze nati sita za kifuniko chake kwa spana fupi, kwa mkono mwepesi, zisije zikang'oa skrubu zake katika magnesi. Chujio la zamani usilitupe. Likate kwa msumeno wa chuma, usafishe ukingo, ufunue karatasi yake juani. Vumbi jeusi ni la kawaida. Vipande ving'aavyo vya rangi ya fedha au shaba ni vya beringi, na motokaa hiyo isiende safari ndefu mpaka injini ifunguliwe.