PIKIPIKI YA CHAMA INAPOKATAA KUWAKA: NAMNA YA KUCHUNGUZA MAFUTA NA KABURETA

Katika Kata ya Mwamapalala, Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, pamba ndiyo zao kubwa la biashara, na msimu wa ununuzi haumsubiri mtu. Katibu wa chama cha msingi akishindwa kufika Bariadi kwa sababu pikipiki imezimika njiani, hesabu huchelewa, na malipo ya wakulima nayo huchelewa. Mara nyingi chama huingia gharama ya kununua kabureta mpya, kumbe kilichoharibika ni kitu kidogo tu. Makala hii inaeleza utaratibu wa kutafuta kasoro kabla ya fedha ya wanachama kutumika.

Maelezo haya yanahusu pikipiki za zamani zenye kabureta, kama vile Honda CG125 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976. Katika pikipiki hizo petroli huteremka yenyewe kutoka kwenye tangi, hupita kwenye koki na mpira, kisha huingia katika kikombe cha kabureta. Humo mna boya linaloinua sindano na kufunga njia kikombe kinapojaa. Kutoka hapo petroli hunyonywa kupitia jeti, ambazo ni vitundu vidogo sana, ikachanganyika na hewa. Kwa uzito, sehemu 1 ya petroli huhitaji sehemu 15 hivi za hewa.

Tahadhari kwanza. Kazi hii ifanyike nje, injini ikiwa imepoa, mbali na sigara, jiko na koroboi. Petroli isinyonywe kwa mdomo.

Hatua ya kwanza ni plagi. Pikipiki ipigwe kiki mara kadhaa, kisha plagi ifunguliwe. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika, na kasoro iko katika umeme au mafuta yamezidi.

Ikiwa plagi ni kavu, uchunguzi uanzie juu kwenda chini. Koki itazamwe kama imefunguliwa, na iwekwe upande wa akiba. Kisha kifuniko cha tangi kilegezwe. Pikipiki inayokwenda kilomita chache ikazimika, halafu ikawaka baada ya kifuniko kufunguliwa, ina kitundu cha hewa kilichozibwa na vumbi. Dawa yake ni kukisafisha, wala hakuna cha kununua. Baadaye mpira uchomolewe kwenye kabureta na petroli imiminwe katika chupa safi ya kioo. Ikitiririka vizuri, njia ni salama. Ikidondoka tone moja moja, chujio la koki limezibwa, mara nyingi kwa kutu ya tangi. Chupa iachwe itulie: maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini.

Njia ikiwa safi, ndipo kabureta ishukiwe. Dalili zake ni hizi:

1. Petroli inavuja kwenye mpira wa ziada. Sindano imekwama au imelika, au boya limetoboka.

2. Injini inawaka kwa choki tu, tena haitulii mwendo wa chini. Jeti ndogo imeziba, au hewa inaingia kwenye mpira ulio kati ya kabureta na injini.

3. Mwendo wa chini ni mzuri lakini nguvu hupotea moto ukiongezwa. Jeti kubwa imeziba, au petroli haiteremki ya kutosha.

4. Moshi mweusi, na plagi nyeusi yenye masizi makavu. Petroli imezidi: choki haikurudi, au chujio la hewa limejaa vumbi. Plagi nzuri huwa na rangi ya kahawia. Nyeupe huonyesha kwamba petroli ni pungufu.

Jeti zisafishwe kwa petroli na upepo wa pampu ya baiskeli. Zisichokonolewe kwa waya, kwa maana kitundu kikipanuka kidogo tu kipimo huharibika. Kabla ya kufungua skrubu ya kurekebishia hewa, ikazwe taratibu huku mizunguko ikihesabiwa, hesabu hiyo iandikwe, ili irudishwe palepale.

Kasoro nyingi huzaliwa pikipiki inapowekwa ghalani baada ya msimu. Petroli iliyobaki kwenye kikombe hukauka na kuacha utando unaoziba jeti, na tangi lenye nafasi tupu hushika kutu. Hivyo, kabla ya kuiweka, koki ifungwe, kikombe kimwagwe, na tangi lijazwe.

Inafaa kila chama kiwe na daftari la pikipiki, ambamo dalili, hatua zilizochukuliwa na vipuri vilivyonunuliwa vitaandikwa. Kamati ikiletewa ombi la kabureta mpya, na iulize kwanza: je, kifuniko, koki na chujio vimekwisha kutazamwa?