Kitabu, redio na bao: Namna familia inavyoweza kupata faraja nyumbani wakati wa tahadhari ya magonjwa

Tarehe 17 Machi, 2020, siku moja baada ya Tanzania kutangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19, Waziri Mkuu, Mhe. Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule zote za awali, msingi na sekondari kwa muda wa siku 30. Siku iliyofuata hatua hiyo ilivihusu pia vyuo vya elimu ya juu. Mikusanyiko isiyo ya lazima ilizuiwa na mashindano ya michezo yakasimamishwa. Muda huo uliongezwa, hadi vyuo na wanafunzi wa kidato cha sita waliporejea masomoni tarehe 1 Juni, na shule nyingine zote tarehe 29 Juni, 2020. Kwa hesabu hiyo, mtoto wa shule ya msingi alikaa nyumbani kwa zaidi ya miezi mitatu.

Tanzania haikuwafungia wananchi wake majumbani. Rwanda iliwataka wananchi wabaki nyumbani kuanzia tarehe 21 Machi mwaka huo, na Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi. Hapa nchini wakulima waliendelea kwenda mashambani na masoko yalibaki wazi. Hata hivyo, kwa wanafunzi, wazee, wagonjwa na watu waliotakiwa kujitenga kwa siku 14 baada ya safari za nje ya nchi, nyumba iligeuka kuwa mahali pa kushinda tangu asubuhi hadi usiku.

Uzoefu wa kipindi kile bado una manufaa. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mkoani Kagera, na Januari 2025 ukathibitishwa tena katika Wilaya ya Biharamulo mkoani humo. Mara zote mbili ugonjwa ulidhibitiwa, na sehemu ya mafanikio hayo ilitokana na kufuatilia afya za watu waliokutana na wagonjwa kwa siku 21. Mtu anayeelezwa vizuri sababu ya kutulia nyumbani, na akapata namna ya kuutumia muda huo, huwa na sababu chache za kutoroka. Kwa maana hiyo, faraja ya nyumbani ni sehemu ya kinga ya jamii.

Hali ya maeneo ya vijijini: mfano wa Kidete

Kata ya Kidete, Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, ipo kando ya Reli ya Kati, katika bonde la Mto Mkondoa, kati ya Kilosa na Gulwe. Wakazi wa ukanda huo hawakuanza kujua maana ya kukatikiwa na njia mwaka 2020. Mvua kubwa za Desemba 2009 na Januari 2010 zilisababisha mafuriko yaliyoharibu njia ya reli kati ya Kilosa na Gulwe, yakawaacha maelfu ya wakazi wa wilaya hiyo bila makazi na kuwalazimu kuishi kwenye mahema. Aidha, kipindi ambacho shule zilifungwa mwaka 2020 kiliangukia msimu wa masika, wakati ambao mvua yenyewe huwazuia watu kutembeleana.

Mazingira ya kata za aina hiyo hutofautiana na ya mjini. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) iliweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao, na Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) pamoja na vyombo vingine vilirusha vipindi vya masomo kwa redio na televisheni. Huduma hizo ziliwafaa wengi, lakini familia yenye simu ndogo ya kupigia tu haiwezi kufungua maktaba ya mtandao. Kwa familia hiyo, kitabu cha karatasi kilichobaki mkobani mwa mtoto siku shule zilipofungwa, na redio ya betri iliyopo sebuleni, ndivyo vyombo vya kutegemewa.

Kwa nini kukaa bila shughuli huleta wasiwasi

Akili isiyo na kazi hurudia jambo moja mara nyingi. Mtu anayesikia habari za ugonjwa asubuhi, mchana na usiku, kisha akakaa kimya bila shughuli, huendelea kuzitafakari habari zilezile hata anapolala. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ushauri wake wa Machi 2020, liliwataka watu wapunguze kufuatilia habari zinazowatia hofu, watafute taarifa kutoka vyanzo vya kuaminika mara moja au mbili kwa siku, na wadumishe ratiba yao ya kila siku kadiri inavyowezekana.

Kitabu kina faida ya pekee katika hali hiyo. Msomaji hulazimika kufuata sentensi hadi mwisho, kukumbuka aliyetajwa ukurasa uliopita na kukisia litakalofuata. Kwa muda huo, nafasi ya wasiwasi hupungua. Vilevile, hadithi humpeleka msomaji mahali pengine bila nauli. Anayesoma “Kusadikika” ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, huingia katika nchi ya kubuni inayoelea angani, akasikiliza kesi ya mtu anayeshtakiwa kwa sababu ya fikra zake. Akifunga kitabu hicho, huwa na jambo jipya la kuzungumza na wenzake, mbali na idadi ya wagonjwa.

Ipo pia mifano ya watu waliolazimika kutulia mahali pamoja kwa sababu nzito zaidi, wakapata nguvu katika maneno. Mshairi Abdilatif Abdalla wa Kenya, aliyefungwa kwa miaka mitatu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, aliandika mashairi gerezani kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la “Sauti ya Dhiki”, na sasa yamo miongoni mwa kazi zinazoheshimiwa sana katika fasihi ya Kiswahili. Kukaa nyumbani kwa ajili ya afya si kifungo, lakini mfano huo unaonesha kwamba mahali finyu hapaizuii akili kufanya kazi.

Kitabu kimoja, wasomaji wengi

Wazazi wengi husema hawana vitabu vya kutosha. Hoja hiyo ina ukweli, lakini kitabu kimoja huweza kuwahudumia watu wanane endapo kitasomwa kwa sauti. Utaratibu wake ni rahisi. Familia huchagua saa moja isiyobadilika, kwa mfano baada ya chakula cha jioni. Mtoto anayesoma vizuri husoma kurasa chache, kisha humpa mwenzake. Siku ifuatayo, kabla ya kuendelea, mdogo kuliko wote hueleza waliyoyasoma jana. Bibi au babu asiyejua kusoma hushiriki kwa kuuliza maswali na kutoa maana ya methali na maneno ya zamani ambayo watoto hawayajui.

Utaratibu huo una manufaa matatu. Kwanza, mtoto haachi kusoma, kwa kuwa stadi ya kusoma hufifia haraka kwa mwanafunzi wa madarasa ya chini asipoitumia. Pili, mzazi hupata nafasi ya kutambua mtoto anayekwama. Tatu, nyumba hupata jambo la kusubiri kila siku, na siku zikaacha kufanana.

Kusoma na kusikiliza kwa pamoja si jambo geni nchini. Mwaka 1973, kupitia kampeni ya “Mtu ni Afya”, takribani watu milioni 2 walikutana katika vikundi vijijini, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasomewa vijitabu vilivyoandaliwa kwa lugha nyepesi, na kujadiliana namna ya kujikinga na magonjwa kama malaria na kichocho. Baada ya majadiliano walichimba vyoo na kusafisha mazingira. Wakati ambapo mikusanyiko hairuhusiwi, kikundi hicho huweza kuwa familia moja yenye redio moja.

Uteuzi wa kitabu usiwe kikwazo. Kitabu cha kiada, kitabu cha dini, kijitabu cha ugani kuhusu mahindi, gazeti la zamani au riwaya iliyokunjika kingo, vyote husomeka. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa kiongozi wa nchi mwenye majukumu mazito, alipata muda wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, “Juliasi Kaizari” iliyotoka mwaka 1963 na “Mabepari wa Venisi” ya mwaka 1969. Tamthilia kama hizo hufaa sana nyumbani kwa kuwa kila mwanafamilia huweza kupewa mhusika wake wa kumsoma.

Starehe ndogo zisizo na gharama

Mbali na vitabu, nyumba za vijijini zina burudani ambazo hazihitaji umeme wala fedha. Bao, lenye mashimo 32 na kete 64, huchezwa hata kwa mashimo yaliyochimbwa ardhini na kokoto au mbegu za komwe. Mchezo huo humfundisha mtoto kuhesabu mbele na kutovunjika moyo anaposhindwa. Vitendawili na hadithi za Sungura na Fisi huwapa wazee nafasi yao ya heshima, na mtoto anayejua kuandika anaweza kuzinakili katika daftari ili zisipotee.

Kazi nyepesi za mikono nazo hutuliza. Kusuka mkeka, kushona nguo iliyochanika, kupanda mchicha au matembele kwenye kiroba kando ya jiko, na kumwagilia kila jioni, humpa mtu matokeo anayoyaona kwa macho. Kikombe cha chai ya mchaichai kinachonywewa polepole barazani, redio ikipiga muziki badala ya kurudia taarifa zilezile, ni starehe halali. Mzazi asione haya kuifurahia, kwa kuwa watoto huiga utulivu wa wakubwa kama wanavyoiga hofu yao.

Wajibu wa wazazi na walezi

Faraja hiyo haiwezi kupatikana endapo mzigo wa nyumba utamwangukia mtu mmoja. Shule zinapofungwa, mara nyingi mtoto wa kike ndiye anayeongezewa kuchota maji, kupika na kulea wadogo zake, wakati kaka yake anapewa muda wa kupumzika. Ratiba ya familia inapaswa kugawa kazi kwa wote, ili binti naye apate saa yake ya kusoma. Jambo hili ni zito. Nchini Uganda, ambako shule zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari, 2022, baada ya takribani miaka miwili ya kufungwa, wapo wasichana ambao hawakurudi darasani kwa sababu ya ujauzito au ndoa za utotoni. Binti mwenye kitabu mkononi na mzazi anayemuuliza amesoma nini leo hubaki na uhusiano na shule hata milango ya shule inapofungwa.

Vitabu navyo vinahitaji kutunzwa. Inashauriwa kuvifunika kwa gazeti au karatasi ya kaki, kuviweka juu mbali na mchwa, panya na maji ya mvua, na kunawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kuvishika, hususan vinapoazimwa kati ya kaya na kaya. Kusoma kufanyike mchana au kwa taa ya sola inapowezekana, kwa kuwa moshi wa koroboi huumiza macho na kifua.

Wapi vitabu vinaweza kupatikana

Huduma za maktaba za umma nchini zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba, 1967. Kwa sasa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania inazo maktaba mikoani, ikiwemo ya Morogoro. Mwananchi wa Kilosa anayesafiri kwenda Morogoro kwa shughuli nyingine anaweza kuitembelea na kuuliza utaratibu wa uanachama. Shuleni, walimu wakuu na kamati za shule wanaweza kukubaliana na wazazi kuhusu kuwaazima wanafunzi vitabu kwa daftari la kumbukumbu kabla ya likizo au dharura, badala ya vitabu hivyo kubaki kabatini.

Kazi mpya zinaendelea kuandikwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na TET, ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili, 2023. Nayo riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, inapatikana kwa Kiswahili kwa jina la “Peponi”.

Wakati faraja ya nyumbani haitoshi

Kitabu hakichukui nafasi ya matibabu. Mtu anayekosa usingizi kwa siku nyingi, anayekataa kula, anayejitenga na watu wa nyumbani mwake au kuzungumza kuhusu kujidhuru, anapaswa kufikishwa katika zahanati au kituo cha afya bila kuchelewa, na asichekwe wala kulaumiwa. Taarifa kuhusu magonjwa hupatikana bila malipo kwa kupiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya, na ukatili dhidi ya mtoto huripotiwa kwa namba 116, nayo bila malipo.

Dharura haimtangulii mtu kwa barua. Familia inayoanza sasa kusoma pamoja kurasa tano kila jioni, katika siku za kawaida, haitalazimika kujifunza utaratibu huo siku tangazo la kubaki nyumbani litakapotolewa.